Mkojo Kuvuja na Nyonga Kulegea Baada ya Hedhi Kukoma: Vitamini Inasaidia Wapi, Mazoezi Yanafanywaje

Malalamiko ya kina mama ni yale yale. Mmoja ameshanunua chupa tatu za vidonge vya vitamini na bado akikohoa nguo inalowa. Mwingine amefanya "yale mazoezi ya kubana" wiki mbili, hakuona kitu, akaacha. Wa tatu ameambiwa ni UTI, akameza dozi baada ya dozi, mkojo ukaendelea kuvuja.

Wengi wao hawakukosa juhudi. Walianzia katikati, au walifanya zoezi lenyewe kinyume. Mwongozo huu umepangwa kwa hatua, na ukiruka ya kwanza na ya pili, zinazofuata zinaweza kukupotezea miezi. Umeandikwa kwa mwanamke ambaye amekaa mwaka mzima bila hedhi, hasa anayeishi Dodoma, Singida na vitongoji vyake, maana ndoo za maji, vumbi la kiangazi na vyakula vya huku vyote vimo ndani ya tatizo hili na dawa yake.

## Kabla ya yote: nani asianze na mwongozo huu

Nenda kituo cha afya kwanza, usisubiri, kama una mojawapo ya haya:

- Damu ukeni, hata tone, baada ya hedhi kukoma mwaka mzima. Usiseme "hedhi imerudi". Saratani ya kizazi au ya shingo ya kizazi inaweza kuanza hivyo.
- Damu kwenye mkojo.
- Mkojo kukataa kabisa kutoka huku kibofu kimejaa.
- Ganzi sehemu za siri na katikati ya mapaja, au miguu kuishiwa nguvu ghafla.
- Mkojo unaotiririka mchana na usiku bila kukohoa wala kubanwa, hasa kama ulianza baada ya uzazi mgumu au upasuaji. Hiyo inaweza kuwa fistula, yaani tundu kati ya kibofu na uke. Mazoezi hayaizibi, lakini hospitalini inatibika, hata kama umeishi nayo miaka mingi.

## Vitu vya kuwa navyo

Daftari na kalamu. Kikombe chenye alama za mililita, au chombo chochote unachojua ujazo wake. Saa au simu. Kioo kidogo cha mkononi. Mkeka au godoro. Orodha ya dawa zote unazotumia, zikiwemo za presha na sukari. Kama hujui majina, beba pakiti zenyewe.

Vidonge vya vitamini havimo kwenye orodha hii. Tutavifikia kwenye hatua ya tatu, na huenda usivihitaji.

## Hatua ya 1: Andika siku tatu

Kwa siku tatu andika saa unayokunywa na kiasi, saa unayokojoa na kiasi, na kila mkojo unapovuja: ulikuwa unafanya nini? Siku hizo zisiwe za msiba wala za harusi. Ziwe za kawaida.

Sababu ni kwamba kuna kuvuja kwa namna mbili. Ya kwanza huja na msukumo: unakohoa, unapiga chafya, unacheka, unanyanyua ndoo, matone yanatoka. Ya pili huja na haraka: unabanwa ghafla na hufiki chooni, au ukisikia maji yakimwagika bombani tayari umechelewa. Ya kwanza inaegemea zaidi kwenye misuli, ya pili kwenye kibofu chenye papara. Wengi wana zote mbili.

Andika pia kama kuna uzito ukeni, kitu kinachoning'inia, hasa jioni baada ya kusimama kutwa. Hiyo ni dalili ya kizazi au kuta za uke kushuka.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Navuja nikinyanyua," au "Navuja nikibanwa," au "Yote mawili, lakini la pili ndilo linalonisumbua zaidi."

## Hatua ya 2: Ondoa vyanzo vinavyojificha

Nenda zahanati au kituo cha afya na daftari lako. Omba kupimwa mkojo, sukari na presha. Sukari ikipanda, mkojo unaongezeka, na hakuna zoezi litakaloushinda. UTI ya kweli inahitaji dawa, ila ithibitishwe na kipimo na dalili kama kuwashwa moto wakati wa kukojoa. Ukishameza antibiotiki mara kadhaa na kuvuja kuko pale pale, sababu ni nyingine. Usikubali dozi nyingine bila kipimo.

Onyesha orodha ya dawa. Dawa za presha za kupunguza maji mwilini humpeleka mtu chooni mara nyingi. Pengine daktari atabadilisha saa ya kuzimeza. Captopril, enalapril na lisinopril zinaweza kuleta kikohozi kikavu kisichoisha, na kila kikohozi kinasukuma nyonga chini. Usiziache mwenyewe, maana presha inaua. Sema tu una kikohozi na unavuja. Zipo dawa mbadala.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kipimwe TB, hata kama unaamini ni vumbi la Julai.

Kuna jambo jingine ambalo kina mama huona haya kulisema. Hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, na ngozi laini ya uke na njia ya mkojo inakuwa nyembamba na kavu. Hapo ndipo hutokea kuwashwa, maumivu wakati wa tendo la ndoa, na kubanwa mara kwa mara. Ipo krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni, anaiandika daktari. Kama uliwahi kuwa na saratani ya matiti, mwambie kabla hajaandika.

Na tuseme wazi: shabu, ugoro, vitunguu saumu na dawa za "kubana" zinazouzwa kwa siri zisiingizwe ukeni. Zinaunguza na kukausha ngozi ambayo tayari imepungua unene. Msuli uliolegea haukazwi na kitu kinachochubua ngozi.

## Hatua ya 3: Vitamini, ipi na kwa nini

Hapa ndipo fedha nyingi zinapotea, kwa hiyo twende taratibu.

Vitamini inayotajwa zaidi kuhusu nyonga ni vitamini D. Misuli ina vipokezi vyake, ikiwemo misuli ya kibofu, na upungufu mkubwa unajulikana kulegeza misuli na kudhoofisha mifupa. Tafiti zilizolinganisha wanawake zimeona kwamba wenye kiwango kidogo mara nyingi ndio wenye matatizo ya nyonga. Lakini kuonekana pamoja si kusababisha. Mwanamke anayeumwa hatoki nje sana, na asiyetoka nje anakosa jua. Jaribio kubwa la Marekani liitwalo VITAL, lenye watu zaidi ya 25,000, lilitumia yuniti 2,000 za vitamini D kila siku. Walipofuatiliwa wanawake wa umri mkubwa waliokuwemo, vidonge havikuonekana kupunguza kuvuja kwa mkojo kwa jumla.

Msimamo wangu ni huu: kama umepungukiwa, rekebisha, kwa sababu msuli wenye njaa hautajengeka vizuri na mifupa yako inahitaji. Kama hujapungukiwa, vidonge vya ziada havitafanya kazi ya mazoezi.

### Je, umepungukiwa?

Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, na jua letu lina nguvu mwaka mzima. Watafiti waliowapima Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili waliwakuta na wastani wa vitamini D kwenye damu wa nanomoli 115 kwa lita, sawa na nanogramu 46 hivi kwa mililita. Kiwango hicho kiko juu sana ya mpaka wa upungufu. Kwa hiyo mama anayelima Chamwino au kuuza mboga juani Majengo kutwa nzima ana uwezekano mdogo wa kupungukiwa.

Wanaopaswa kujiuliza ni wengine: mstaafu anayeshinda ndani, mfanyakazi anayeingia ofisini Mtumba alfajiri na kutoka jioni, anayevaa nguo ya kumfunika mwili wote kila anapotoka, mgonjwa wa figo au ini, mwenye uzito mkubwa sana, anayemeza dawa za kifafa kama fenitoini, fenobabitoni na kabamazepini, au dawa ya TB rifampisini, maana hizo humaliza vitamini D haraka. Wenye ualbino nao wamo, kwa kuwa wanalazimika kulikwepa jua.

Kama humo kwenye kundi lolote, usikimbilie kipimo. Ni ghali na si kila maabara inakifanya. Kama umo, muulize daktari. Kipimo kinaitwa 25-hydroxyvitamin D. Soma kizio kwenye karatasi kabla ya kuogopa namba. Chini ya 20 kwa ng/mL, au chini ya 50 kwa nmol/L, ni upungufu. Namba hizo mbili ni kiwango kile kile; wapo waliosoma 50 wakadhani ni tofauti na 20, wakajitibu bure.

### Jua

Jua la saa 1 asubuhi, ambalo wengi huambiwa ndilo la vitamini, halitengenezi kitu cha maana. Tumia kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko wewe, miale inayohitajika ipo. Kwa Dodoma ni takriban saa 4 asubuhi hadi saa 9 alasiri. Kaa nje nusu saa hivi, mikono na miguu wazi, mara kadhaa kwa wiki. Anayejisitiri akae uani. Nyuma ya kioo cha dirisha haifanyi kazi, kwani kioo huzuia miale hiyo. Mwenye ualbino asifanye hivi kabisa. Njia yake ni vidonge kwa ushauri wa daktari.

### Chakula

Samaki wenye mafuta, dagaa, kiini cha yai na maini vina vitamini D, ingawa chakula peke yake hakifiki mbali. Dagaa waliwe wazima na mifupa yao, kwa sababu humo kuna kalsiamu. Mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji miligramu 1,200 hivi za kalsiamu kwa siku. Maziwa mgando yanasaidia kuzifikia.

Mlenda na mchicha, hata ukimaliza sufuria, havina vitamini D. Chupa ya mafuta ya kula inayoandikwa "yameongezewa vitamini" kwa kawaida inamaanisha vitamini A. Unga ulioongezewa virutubishi una madini ya chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Vyote vizuri, ila si ile tunayoizungumzia.

Ubuyu una vitamini C, ambayo mwili huitumia kutengeneza kolajeni, uzi unaoshikilia viungo vya nyonga. Unywe, ila ukiona siku ya ubuyu ndiyo siku ya kubanwa, punguza, maana kibofu cha baadhi ya watu hakipendi ukali.

Kama unameza metformin ya kisukari kwa miaka, uliza kuhusu vitamini B12. Dawa hiyo inaweza kuishusha, na B12 ikishuka sana mishipa ya fahamu inadhurika. Ganzi na kuchomachoma miguuni ni ishara ya kuulizia.

### Vidonge

Soma nyuma ya chupa namba ya yuniti, huandikwa IU. Mahitaji ya kawaida ya vitamini D ni 600 kwa siku hadi miaka 70, na 800 baada ya hapo. Zaidi ya 4,000 kwa siku ni kwa maelekezo ya daktari tu. Meza pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Mwenye mawe ya figo au ugonjwa wa figo aulize kwanza.

Ikizidi, kalsiamu hupanda kwenye damu: kiu, choo kigumu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa, na kukojoa mara nyingi zaidi. Yaani unaweza kununua kwa fedha yako tatizo lile lile ulilokuwa unalikimbia.

Umefaulu ukijua kama una upungufu au huna, na kama unao, una dozi na tarehe ya kurudi.

## Hatua ya 4: Utafute msuli wenyewe

Chini ya nyonga kuna misuli iliyotandazwa kama mkeka, kutoka mfupa wa mbele hadi mkiani, inayobeba kibofu, kizazi na utumbo wa mwisho. Ndiyo tunayoitaka. Wengi wanaosema wamefanya mazoezi bila mafanikio walikuwa wanakaza matako, au, vibaya zaidi, wanasukuma chini.

Lala chali, kunja magoti, pumua kawaida. Sasa fikiri umekaa sebuleni na wakwe, na upepo unataka kukutoka. Zuia. Ule mkazo wa nyuma, uvute mbele kama unayezuia na mkojo pia, kisha upandishe ndani, kuelekea kitovuni. Achia polepole.

Jikague hivi:

1. Mkono mmoja tumboni, mwingine takoni. Matako na mapaja yakikaza, punguza nguvu. Chini ya kitovu panaweza kuingia ndani kidogo, si zaidi.
2. Hesabu kwa sauti. Ukishindwa kuhesabu, umebana pumzi.
3. Tumia kioo. Ukibana sawasawa, sehemu kati ya uke na njia ya haja kubwa inapanda na kuingia ndani. Ikitokeza nje, unasukuma. Acha, pumzika, anza upya kwa nguvu ndogo zaidi.
4. Anayeweza, aingize kidole kisafi ukeni. Kinapaswa kubanwa na kuvutwa juu.

Usijizoeze kwa kukatisha mkojo kila unapokwenda chooni. Kibofu kinaweza kubaki na mkojo, na mkojo uliobaki hualika maambukizi.

Umefaulu ukibana na kuachia huku mtu aliye mbele yako hajui unachofanya. Kuachia nako ni nusu ya kazi. Kama huhisi tofauti kati ya kubana na kuachia, au unapata maumivu, usiendelee kwa kukisia. Tafuta mtaalamu wa fiziotherapia kwenye hospitali ya rufaa.

## Hatua ya 5: Ratiba ya miezi mitatu

Bana sekunde 3, achia sekunde 3 au zaidi. Rudia mara 8. Huo ni mzunguko mmoja. Fanya mitatu kwa siku. Ukizoea, ongeza sekunde moja moja hadi 10, na mwishoni mwa kila mzunguko weka mibano mitano ya haraka. Anza kwa kulala, kisha kukaa, kisha kusimama, kwa kuwa ukisimama ndipo mzigo wa kweli ulipo.

Fungia zoezi kwenye jambo usilolisahau: baada ya swala, chai ya asubuhi, taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Weka alama kwenye daftari.

Mabadiliko ya kwanza huchelewa, na wengi huacha kabla hayajafika. Ni msuli, nao unachukua wiki nyingi. Upe miezi mitatu kamili kabla ya kuhukumu, na ukipata nafuu usiache.

## Hatua ya 6: Bana kabla ya mzigo

Hatua hii ni fupi na watu huidharau, nami naiona ndiyo yenye faida ya haraka kuliko zote. Kabla ya kukohoa, kupiga chafya, kunyanyua au kuinuka kitini, bana kwanza, shikilia, maliza tendo, achia.

Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Siku maji ya mgao yanapotoka na kila mtu anakimbizana na madumu, nyonga ndiyo inayolipa. Gawa: madumu mawili ya lita 10, mkono huku na mkono huku, au toroli. Toa pumzi unaponyanyua, usiizuie. Kama kizazi kimeshuka, omba vijana wa nyumbani wabebe. Wala si uvivu.

## Hatua ya 7: Ukibanwa ghafla

Usikimbie. Kukimbia kunatikisa kibofu. Simama au kaa, bana haraka haraka mara tano, subiri wimbi lipite, kisha tembea taratibu hadi chooni. Halafu tazama daftari: kama unakwenda kila saa, sogeza iwe saa na robo. Baada ya siku kadhaa ongeza robo nyingine. Lengo ni saa tatu hadi nne mchana. Jipe angalau wiki sita.

Usiache kunywa maji. Wengi hawanywi tone siku ya safari ya basi kwenda Dar, na mkojo mzito huchokoza kibofu zaidi. (Treni ya SGR ina choo, kwa anayemudu nauli, suala limeisha.) Lita moja na nusu hadi mbili kwa siku zinatosha kwa wengi, zaidi kidogo ukifanya kazi juani. Punguza chai ya rangi na kahawa, hasa baada ya jioni.

Choo kigumu nacho kinasukuma nyonga. Ugali wa uwele au mtama usiokobolewa, mlenda, na maji vinalainisha. Choo cha kuchuchumaa kinasaidia, ukiwa na magoti mazima. Kwenye choo cha kukaa weka miguu juu ya kigoda, usikamue.

## Hatua ya 8: Miezi mitatu imepita, hali ni ile ile

Rudi hospitali na daftari. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa iliyoko Dodoma ni mahali pa kuulizia daktari wa magonjwa ya wanawake. Walio mbali wapate rufaa kutoka kituo chao, na bima ibebwe. Sema moja kwa moja: "Nimefanya mazoezi miezi mitatu, bado navuja nikinyanyua." Una haki ya kuomba daktari wa kike au muuguzi awepo chumbani.

Atakachokupa kinategemea anachokiona: dawa za kutuliza kibofu, krimu ya estrojeni, upasuaji, au pete ya kushikilia kizazi inayowekwa ukeni bila kukatwa. Ukiwekewa pete, tembea, kohoa na ukojoe kabla hujaondoka, ili kama haikai vizuri ibadilishwe siku hiyo hiyo. Uliza nani ataitoa na kuisafisha, na tarehe ya kurudi. Kwa kawaida ni kila baada ya miezi michache. Uchafu wenye harufu, damu, au mkojo kukataa kutoka, usingoje tarehe hiyo.